Jina Moja kwa Bonde Zima

Mchungaji wetu, wazee wa Bonde mliofika tangu asubuhi na kukataa viti vya mbele, ndugu, majirani, na nyote mliokuja kumsindikiza baba yetu, tunawaomba utulivu, kwa sababu historia hii ni ndefu kuliko zile mlizozoea kusikia, na ziko sehemu ambazo anayeisoma angependa sana zisomwe na mtu mwingine. Marehemu mwenyewe aliagiza isomwe yote. Familia ilijaribu kuipunguza, ikashindwa, maana kila tulipokata mahali, kilichobaki kilikuwa uongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1934 katika Bonde, akiwa mtoto wa saba na wa mwisho wa Babu yetu, aliyekuwa mfugaji, na Bibi, ambaye alisifika kwa kuwafahamu ng'ombe wa watu wengine kuliko wenyewe walivyowafahamu. Baada ya mama yake, mgongo uliombeba zaidi ulikuwa wa dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita Shangazi, na ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo, ameketi pale karibu na ukuta. Bonde wakati huo lilikuwa na chemchemi ya maji yenye chumvi kidogo, ambayo ng'ombe huihitaji, na kila kiangazi familia zote za pande mbili za vilima zilishuka na mifugo yao, zikapangana zamu, zikagombana kidogo, zikamaliza, na hakuna aliyewahi kusema chemchemi ni yangu. Mtoto akiuliza maji haya ni ya nani, alijibiwa kwamba ni ya mwenye kiu, akanywe aondoke.

Mwaka 1943 marehemu alianza masomo katika shule ya misheni, si kwa sababu alionekana ana akili, bali kwa sababu nyumba ilikuwa na wachungaji wa kutosha na yeye alikuwa analaza ng'ombe njaa kwa kusinzia. Alisoma vizuri, akabatizwa, akajua kuandika kwa mwandiko ulionyooka hadi mwalimu wake akawa anamwita Rula. Jina hilo lilimganda, na wengi mliopo hapa hamkuwahi kumjua kwa jingine.

Akiwa bado shuleni, mwaka 1949, ilikuja sheria ya kuandikisha ardhi, na hapa tunaomba msikilize taratibu, kwa kuwa mambo yote yanayofuata yanatoka hapa. Sheria ile ilimjua mtu mmoja, na iliijua Serikali, lakini kati ya mtu mmoja na Serikali haikuona kitu chochote. Ardhi isiyokuwa na jina la mtu ingehesabiwa kuwa haina mwenyewe. Wazee wa Bonde walikwenda kwa afisa wa wilaya, wakasimama kwenye veranda yake tangu asubuhi mpaka karani alipofunga madirisha, wakamwambia tuandike sote. Afisa akawajibu kupitia kwa karani, "Sote si jina. Nipeni jina."

Basi wazee walirudi nyumbani wakakaa, wakafikiri kama walivyozoea kufikiri. Kwa watu wa Bonde, kitu cha wote kilikuwa kinashikwa na mdogo kuliko wote. Ufunguo wa zizi la pamoja, kamba ndefu ya kuchotea maji, kengele ya ng'ombe kiongozi, vyote vilikaa kwa kitinda mimba wa nyumba mojawapo, kwa sababu mdogo hana nguvu ya kumnyima mtu yeyote, na akijaribu atapigwa kofi na wakubwa zake, mambo yaishe. Mkubwa akishika kitu cha wote, walisema, ataanza kukiita chake. Kwa hiyo wakalitoa jina la marehemu, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, akaandikwa yeye peke yake kuwa mwenye Bonde lote, wakarudi wakicheka njia nzima, wakiamini wamemzidi afisa akili. Babu alifurahi kuliko wote. Hawakujua kwamba kwa sheria ile, tangu saa ile, mdogo yule ndiye aliyekuwa na nguvu, na wao wote hawakuwa na hata mkono wa kumpigia kofi.

Tarehe 5 Februari 1951 marehemu aliajiriwa mjini katika kiwanda cha chapa cha Serikali, kama mwanafunzi wa kupanga herufi. Vijana wa siku hizi hawaijui kazi hiyo. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini ya risasi, vipande vimelala kwenye visanduku vyembamba mbele ya fundi, naye alivichukua kimoja kimoja kwa vidole, akavipanga kwenye kishikio cha chuma alichokishika mkono wa kushoto, maneno yakisomeka kinyumenyume, mpaka mstari ukajaa. Chumba kilikuwa kirefu, chenye madirisha ya juu yasiyofunguka, na kilinuka wino na mafuta ya taa, na mafundi walisimama siku nzima, mgongo kwa mgongo, wakitaniana bila kugeuza shingo. Marehemu aliipenda kazi hiyo. Alinunua viatu, akajifunza kutembea navyo, akaapishwa kwamba hatatoa nje neno lolote aliloliona ndani, na kila neno la sheria za nchi hii, kabla halijawafikia wananchi, lilipita kwenye vidole vyake na vya wenzake.

Mwezi wa Novemba 1955 aliwekewa mezani karatasi ya tangazo jipya. Aliipanga mistari miwili ya kwanza kama anavyopanga siku zote, bila kuisoma, na alipofika mstari wa tatu alikuta jina la Bonde. Tangazo lilisema kwamba Bonde, pamoja na chemchemi yake, linatengwa kuwa shamba la mifugo la Serikali, na kwamba mwenye ardhi aliyeandikishwa, kama ana pingamizi, alilete ndani ya miezi mitatu, na asipolileta, itahesabiwa kuwa amekubali. Mwenye ardhi aliyeandikishwa alikuwa amesimama pale, na aproni ya kiwanda kifuani, akitafuta herufi ya kuendelea. Fundi wa mashine, rafiki yake, aliyekuwa anasubiri kazi imalizike, alimwona amesimama, akamwambia, "Vipi Rula, umekwama?" Marehemu akasema hapana, akalimaliza. Alituambia kwamba hakukosea hata nukta, na kwamba jambo hilo ndilo lililomsumbua zaidi uzeeni, kwamba mkono haukutetemeka.

Watu watauliza kwa nini hakusema. Sisi watoto wake tulimuuliza, na hakutupa jibu moja. Alisema aliogopa kiapo, lakini tangazo lilipokwisha kutoka kiapo hakikumfunga tena. Alisema aliogopa kusimama kama mpinzani mbele ya Serikali iliyokuwa inampa chumba, kitanda na aproni, na ambayo wiki ileile ilikuwa imemtaja kuwa msaidizi wa fundi mkuu. Alisema alijipa moyo kwamba lazima afisa wa wilaya atakwenda kuwauliza wazee. Mwishoni alisema kwa sauti ndogo kwamba aliona haya kuwa mtu wa Bonde, mbele ya watu waliozaliwa mjini.

Desemba ile alikwenda nyumbani likizo, miezi mitatu ikiwa bado haijaisha. Alikuta watu wanaandaa kushuka kwenye chemchemi kama kila mwaka. Babu alimkalisha karibu naye, akavishika vile viatu, akavigeuza, akavicheka, kisha akamuuliza, "Huko mjini wanasema nini juu yetu?"

Marehemu akajibu, "Hakuna jipya, baba."

Maneno hayo ameyarudia mbele yetu mara nyingi, na mara ya mwisho alipoyarudia alikuwa hawezi tena kukaa bila kuegemezwa.

Malori yalifika Bonde mwezi wa Julai 1956. Watu walihamishiwa kwenye ukingo wa barabara kuu, mahali penye mawe, ambapo wengi wenu mnaishi mpaka leo. Wazee walipokwenda kulalamika waliambiwa kwamba wao hawana la kulalamikia, kwani kwa sheria hawamo, mwenye ardhi anajulikana na amekubali, neno ambalo wao walilihesabu kuwa uongo wa afisa. Mwaka uliofuata kiangazi kikawa kikali, baadhi ya vijana wakakata waya, wakaingiza ng'ombe kwenye chumvi, na hapo ndipo ikatumika sheria nyingine, ya adhabu ya pamoja, ambayo kwayo kosa la vijana wachache lililipwa na kila nyumba ya Bonde, ng'ombe kwa ng'ombe, pamoja na nyumba za wajane ambao hawakuwa na kijana wa kutuma. Tangazo la adhabu hiyo nalo liliwekwa kwenye meza ya marehemu. Safari hii aliuliza. Alimuuliza yule rafiki yake fundi wa mashine, "Mbona kwenye kumiliki hatukuwepo, na kwenye kuadhibiwa tupo wote?" Rafiki yake akatazama mlango, akamwambia, "Wewe zipange herufi, ndugu yangu. Acha kuzisoma."

Babu alifariki tarehe 3 Septemba 1958 kando ya barabara hiyo. Mpaka siku ya mwisho aliwaambia majirani wasikate tamaa, jina bado liko kwa mwanangu, na mwanangu ni mtu wa kiwanda cha Serikali. Marehemu alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, na Shangazi kichwani.

Tarehe 21 Novemba 1959 marehemu alifunga ndoa takatifu na mama yetu, fundi cherehani, mwanamke mcheshi aliyekuwa akisema kwamba ameolewa na mwanamume anayesoma dunia kutoka nyuma kwenda mbele. Mungu aliwajalia watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, na anayewasomea ni wa kwanza. Tulilelewa katika nyumba ya wafanyakazi, vyumba viwili na ukumbi, na zulia dogo ambalo hatukuruhusiwa kulikanyaga. Tulisoma sote. Hatukuwahi kuuliza kwa nini binamu zetu wa kando ya barabara hawakusoma, tulidhani ni uzembe, na wengine wetu tulilisema hilo kwa midomo yetu, mbele yao, na tunaona haya kulikumbuka.

Bendera ilipobadilishwa, watu wa Bonde walifurahi kuliko wengi, wakaamini watarudi. Mwaka 1964 sheria za zamani zilichapishwa upya. Kurasa nyingi zilikuwa zimehifadhiwa vilevile zilivyopangwa, zimefungwa kamba, kwenye rafu za nyuma, na fundi mkuu, ambaye sasa alikuwa mwananchi mwenzetu, aliwaagiza mafundi wapitie kila ukurasa, watoe neno Gavana, waweke neno Waziri. Ukurasa wa Bonde ulimwangukia marehemu. Alifungua kamba, akatoa neno moja, akaweka neno moja, akafunga kamba, na alituambia kazi hiyo ilikwisha chai yake ikiwa bado ya moto. Hakuna kingine kilichobadilika kwenye ukurasa ule. Wakati huo angeweza kusema, waliotawala walikuwa ndugu zetu, lakini kimya kilikuwa kimeshakuwa kirefu, na kukivunja kungekuwa kueleza urefu wake.

Katika kanisa hili marehemu alihudumu kwa uaminifu, alifagia, alipanga viti, alichapa nyimbo za kwaya. Alichaguliwa mzee wa kanisa mara kadhaa na kila mara alikataa, na hakuwahi kuketi mbele. Mchungaji wa zamani alimtaja kuwa mfano wa unyenyekevu katika mahubiri, na sisi tulivimba vichwa kwa unyenyekevu ambao haukuwa unyenyekevu. Alistaafu mwaka 1989. Mama alitutoka tarehe 8 Juni 2003. Hatujui alikuwa anajua nini. Alichotuambia siku moja, akikata uzi kwa meno, ni kwamba baba yenu akiwa usingizini huwa anaomba radhi, sijui anamwomba nani.

Mwaka 2008, baada ya sheria mpya kuziruhusu jamii kushtaki kwa pamoja, watu wa Bonde walifungua kesi. Serikali ilijibu kwamba tangazo la 1955 lilitolewa kwa utaratibu, mwenye ardhi hakupinga, basi Bonde lote lilikubali. Wakili wa jamii, binti mdogo mwenye heshima, alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi lenye vitambaa alivyofuma Mama, Shangazi akiwa pembeni yake, akamweleza marehemu kwamba kesi nzima inasimama juu ya swali moja. "Mzee, watakuuliza, lile tangazo ulilijua au hukulijua. Kama hukulijua, basi halikumfikia mtu yeyote wa Bonde, na hapo tuna nguvu." Shangazi akacheka, akasema angelijuaje, huyu alikuwa anapanga vitabu vya nyimbo.

Hapo ndipo marehemu aliposema, mbele yao na mbele ya watoto wake watatu tuliokuwepo, yale yote tuliyowasomea hivi sasa. Alipomaliza, Shangazi alivuta kitambaa cha kochi, akakinyoosha, akakinyoosha tena. Wakili akasema kwa sauti ya kubembeleza kwamba yeye hawezi kumwambia mtu aseme uongo, anachosema tu ni kwamba waliokuwa kiwandani mwaka ule wote wameshakufa, na hakuna wa kumpinga. Shangazi hakubembeleza. Alimwambia ndugu yake, "Mara moja maishani mwako, kaa upande wetu."

Marehemu alifunga na kuomba. Sisi watoto, tunasema kwa aibu, tuligawanyika, na si wote waliotaka aseme hakujua walilitakia Bonde mema, wengine tulikuwa tunalinda jina letu. Tarehe 17 Machi 2009 aliingia kizimbani, akashika Biblia, na alipoulizwa akasema, "Nililijua. Nililipanga kwa mkono wangu. Wao hawakulijua. Naomba sheria iniadhibu mimi, isiwahesabie wao kimya changu, kwa maana mimi si wote." Jaji alivua miwani, akamwambia kwa upole kwamba kwa sheria ile, mzee, wewe ndiye wote.

Kwenye korido, mbele ya watu, Shangazi alimwambia maneno ambayo ametupa ruhusa kuyasoma. "Ulinyamaza ulipotakiwa kusema, na umesema ulipotakiwa kunyamaza. Sisi lini utatuonea huruma?" Hukumu ilitolewa mwaka 2010, na watu wa Bonde wakashindwa. Rufaa ilikatwa, na mpaka leo haijasikilizwa.

Kama alifanya sawa siku ile, familia haijui. Wapo kati yetu wanaoamini kwamba angalau aliitunza roho yake, na wapo wanaosema kwamba roho yake aliitunza kwa gharama ya watu walewale waliokwisha kulipa mara ya kwanza. Yeye mwenyewe hakudai sifa. Alisema hakuweza kudanganya mara ya pili juu ya jambo lilelile, na kwamba hilo si wema, ni uchovu.

Marehemu alianza kuugua kifua mwaka 2016, na madaktari walisema mapafu yake yalichoka kwa vumbi la kiwandani. Alilazwa mara kadhaa. Katika miezi yake ya mwisho Shangazi, ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani kwetu tangu ile siku ya korido, alifika na kapu lake, akaweka godoro kwenye ukumbi, akaanza kumwogesha na kumlisha. Hakuzungumza naye ila maneno ya kazi, geuka, inua mkono, fungua mdomo. Siku moja marehemu alimuuliza, "Dada, umenisamehe?" Shangazi akamwambia, "Kunywa uji, unapoa." Akaunywa wote. Alifariki tarehe 9 Oktoba 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na mitano, dada yake akiwa amemshika kisogo.

Ametuachia agizo moja zaidi, kwamba tusiwaombe msamaha watu wa Bonde kwa niaba yake, kwa sababu kuwaomba ni kuwatwika kazi nyingine ambayo hawakuitafuta. Hivyo hatuwaombi. Ila lipo jambo ambalo lazima tuwaambie. Kwa sheria ileile, jina la mwenye Bonde halizikwi leo, limemwangukia mtoto wa kwanza wa marehemu, na rufaa itakapoitwa, yeye ndiye atakayesimama kizimbani na kuulizwa. Huyo ndiye anayewasomea. Hakulitaka jina hilo, na wakili amesema hawezi kulitupa, akilitupa litaokotwa na Serikali. Kwa hiyo anawaahidi mbele ya jeneza hili kwamba kesho, baada ya mazishi, atakuja kando ya barabara, atakaa chini, na kabla hajafungua mdomo mahali popote kwa jina la Bonde, atauliza, na atasubiri ajibiwe, hata ikichukua muda, hata mkimfukuza siku ya kwanza na ya pili. Mnajua mahali pa kumpata akikosea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume kwa uvumilivu wao, majirani waliotupikia na kutufagilia, mchungaji na kwaya, na wazee wastaafu wa kiwanda cha chapa, ambao mmebaki wachache na mmefika wote. Tunamshukuru wakili, ambaye hakutuchukia. Na tunawashukuru vijana wa Bonde mliochimba kaburi jana. Hatukuwaita, tusingekuwa na uso wa kuwaita, tulifika makaburini na vibarua tuliowatafuta, tukakuta mmeshaingia ndani ya shimo hadi mabegani, na hakuna hata mmoja wenu aliyetaka kuzungumza nasi, wala hatukustahili.

Shangazi, asante.

Pumzika, baba. Amani si yetu kukupa, tunamwomba Mwenyezi Mungu ailete kwa wote, kwanza kwao, kisha kwako.